Sinia la Jibini Katika Joto la Kamwokya

Mfaransa hutoa jibini katika jokofu saa moja kabla ya kula, ili ilainike na harufu yake ichanue. Kamwokya, chini ya kilima cha Kololo mjini Kampala, jua la likizo ya Krismasi haliruhusu muda huo. Nusu saa yatosha. Camembert ikicheleweshwa mezani hutiririka sinia zima, na fedha ya mwenye nyumba hupotea nayo.

Hasara ya fedha ni ndogo. Jibini laini ina maji mengi, nayo ni makao mema ya vijidudu. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Mama mjamzito asiile kabisa, hasa iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi, kwani bakteria wa listeria huweza kumwua mtoto aliye tumboni. Mwenyeji na amwambie mapema, bila haya.

Aina tatu zatosha: laini, ya mbuzi, na ngumu kama Comté. Comté ni ghali. Gouda iliyotengenezwa Uganda hushika nafasi yake bila aibu, ingawa asili yake ni Uholanzi. Gramu 80 kwa kila mgeni, pamoja na mkate na ndizi tamu za sokoni.

Wengi hukimbilia divai nyekundu, kumbe nyeupe isiyo tamu hupatana zaidi na jibini. Sancerre na jibini ya mbuzi ni majirani wa bonde la mto Loire. Nyekundu, ikiwa ndiyo iliyopo, itiwe kwanza jokofuni kwa robo saa. Asiyekunywa pombe aandaliwe maji ya pasheni.