Hesi Isiyolingana: Kutafuta Vifungio vya Pikipiki ya Kale katika Pwani ya Malindi

Utangulizi

Shella ni mojawapo ya mitaa ya kale ya mji wa Malindi, ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Haifai kuchanganywa na Shela ya kisiwani Lamu. Katika mtaa kama huu chuma hakidumu, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba unyevu na chumvi, navyo hupenya kila mahali. Mwenye pikipiki ya kale, kwa mfano BSA au Triumph iliyoundwa Uingereza kabla ya miaka ya 1970, hukabiliwa na tatizo linaloonekana dogo: bolti imeliwa na kutu, na ya kuishika nafasi yake haipatikani dukani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kifungio kinachofaa kinavyotafutwa, na kuonyesha kwamba utafutaji huo ni suala la lugha kama ulivyo suala la ufundi. Fundi akikosea jina hukosea kipimo. Akikosea kipimo, huenda akaharibu kasha la injini ambalo kiwanda hakiliundi tena, au akahatarisha uhai wa mpanda pikipiki.

Majina ya vifungio

Historia ya kufunga vitu katika pwani hii imehifadhiwa katika msamiati wake. Kitenzi funga ni cha asili ya Kibantu, nayo mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba za makumbi bila kutumia chuma. Neno msumari limetoka katika Kiarabu. Parafujo limetokana na neno la Kireno parafuso, na Malindi ndiyo bandari iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498. Bolti, nati, skrubu na spana ni maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza. Kwa hiyo, sanduku moja la fundi lina tabaka kadhaa za historia ya Kiswahili.

Hata hivyo, wingi wa majina haya haujaondoa utata. Neno kifungo, ambalo lingefaa kuvijumuisha vitu hivi vyote, kwa msemaji wa kawaida ni cha shati au cha gerezani. Ndiyo sababu makala haya yanatumia kifungio, yaani kitu cha kufungia. Utata mkubwa zaidi umo katika neno uzi. Baadhi ya watu huiita mistari inayozunguka mwili wa skrubu nyuzi, ilhali nyuzi pia ni kipimo cha pembe. Mtu atakayeandika kwamba bolti fulani ina nyuzi 26 kwa inchi, zenye pembe ya nyuzi 55, atakuwa amemtatiza msomaji wake bila sababu. Neno hesi, ambalo kamusi zinalo tangu zamani lakini gereji nyingi zimelisahau na kulibadilisha na thredi, hulimaliza tatizo hilo. Bolti ina hesi 26 kwa inchi, na pembe ya hesi hizo ni nyuzi 55.

Mifumo ya hesi

Pikipiki karibu zote za bodaboda nchini Kenya hutoka India na China, nazo hutumia vipimo vya milimita. Duka la vipuri huweka kile kinachonunuliwa, hivyo bolti za milimita hupatikana kwa urahisi. Pikipiki ya kale ya Uingereza ni ya ukoo mwingine.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza mfumo mmoja wa hesi kwa viwanda vya Uingereza, wenye pembe ya nyuzi 55. Baadaye ulifuata mfumo wa hesi nyembamba uitwao BSF, wenye pembe iyo hiyo. Viwanda vya baiskeli na pikipiki navyo vilikuwa na mfumo wao, CEI, wenye pembe ya nyuzi 60 na hesi 26 kwa inchi katika vipimo vingi. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kuhusu mfumo wa pamoja uitwao Unified, ambao nao una pembe ya nyuzi 60. Viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilianza kuhamia mfumo huo hasa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa sababu hiyo, pikipiki moja ya kipindi cha mpito yaweza kuwa na mifumo miwili au mitatu.

Hapa ndipo mitego ilipo. Bolti ya robo inchi ya BSF ina hesi 26 kwa inchi, na ya CEI vilevile ina hesi 26. Tofauti yao ni pembe, ambayo jicho halioni kwa urahisi. Aidha, bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, hivyo mtu huichukua ile ya milimita 8 akidhani ni mamoja. Lakini umbali kutoka hesi hadi hesi katika bolti ya kawaida ya milimita 8 ni milimita 1.25, ilhali katika ile ya Whitworth yenye hesi 18 kwa inchi ni milimita 1.41. Bolti huingia mizunguko michache, kisha hukaza. Fundi asiyejua huongeza nguvu ya spana, na hesi za alumini ndani ya kasha hung'oka.

Namna ya kutambua

Kanuni ya kwanza ni kutotupa kifungio cha zamani, hata kiwe kimeoza namna gani, kwa kuwa ndicho shahidi aliyebaki. Husafishwa kwa brashi ya waya, kisha hupimwa unene wake kwa kalipa. Baada ya hapo hesi zake hulinganishwa na kipimo cha hesi, ambacho ni kifurushi cha vibati vyenye meno. Kibati kikikaa bila kuacha mwanya wa mwanga, mfumo umejulikana.

Kifungio kipya hujaribiwa kwa vidole kabla ya spana. Kinapaswa kuingia kwa wepesi mizunguko kadhaa; kikikataa, hakilazimishwi. Iwapo tundu limekwisha kuharibika, hupanuliwa, hukatwa hesi mpya kwa tepu, na kutiwa koili ya waya yenye hesi za kipimo cha asili.

Chumvi na nguvu ya chuma

Kwa mkazi wa pwani, kifungio cha feleji isiyoshika kutu huonekana kuwa jawabu la kila kitu. Sivyo. Feleji hiyo inapogusana na alumini penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo mbili na alumini ndiyo inayoliwa. Bolti hubaki iking'aa huku tundu lake likigeuka unga mweupe. Kupaka grisi kwenye hesi kabla ya kufunga hupunguza madhara hayo.

Tena kuna suala la nguvu. Bolti ya milimita iliyoandikwa 8.8 kichwani huanza kunyumbuka moja kwa moja penye takriban niutoni 640 kwa kila milimita mraba; ile ya feleji isiyoshika kutu yenye alama A2-70 huanza penye 450. Basi A2-70 yafaa kwa kifuniko au bango la namba, lakini si kwa breki, ekseli wala mahali injini inapofungwa kwenye fremu.

Pa kupata

Maduka ya Malindi yakikosa, zipo barabara za vipuri katika miji mikubwa, kama Kirinyaga jijini Nairobi. Wapo pia wauzaji wa Uingereza waliobobea katika hesi za kale, ambao hutuma mizigo ng'ambo. Njia ya tatu ni fundi mwenye kerezo, mashine ambayo wengi huiita lethi. Huyu aweza kuchonga bolti moja, mradi aelezwe kikamilifu: unene, urefu, idadi ya hesi kwa inchi, pembe yake, na aina ya chuma. Akipungukiwa na moja kati ya hayo, atachonga kitu kinachofanana tu na kilichotakiwa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kifungio sahihi hupatikana kwa kupima, kulinganisha na kutaja kwa usahihi. Kiswahili kina maneno ya kazi hiyo: hesi, kerezo, jiriwa, keekee, feleji. Maneno mengine yamo vinywani mwa mafundi wazee na hayajaandikwa popote. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Aanze na gereji iliyo karibu naye, kalamu mkononi, kabla wazee hao hawajaondoka na msamiati wao. Mwacha asili ni mtumwa, na asili hiyo yaweza kupotea kwa wepesi ule ule wa bolti iliyotupwa jaani.