Vumbi Likishaingia Mapafuni, Kipimo cha Kifuani Hakilioni

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu: kesho unaweza kupangiwa shule Namtumbo, Ruvuma, kwenye madini ya urani ya Mto Mkuju. Mwanafunzi akinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mtu akivuta vumbi la urani, inajulikanaje amepata mionzi kiasi gani?" utamjibu nini?

Kusema "si anavaa kipimo kifuani" haitoshi. Kipimo kile hupima mionzi inayompiga mtu kutoka nje. Urani hutoa chembe za alfa, ambazo hata karatasi inazizuia. Ila vumbi likishavutwa hakuna karatasi tena: alfa inapiga seli za mapafu moja kwa moja. Ndiyo maana kwenye hesabu alfa hupewa uzito mara 20 ya gama.

Sasa, dozi ya ndani haipimwi moja kwa moja, inakadiriwa. Tuchukue mfano wa darasani. Hewa ina bekereli 0.5 za urani-238 kwa kila mita ya ujazo. Mfanyakazi huhesabiwa kuvuta mita za ujazo 1.2 kwa saa. Akifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, amevuta mita za ujazo 2,400, yaani bekereli 1,200.

Halafu unazidisha kwa kigezo cha Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi (ICRP), na hapa ndipo penye kazi. Kwa vumbi linaloyeyuka polepole sana, kigezo ni milisivati 0.0057 kwa bekereli moja: jibu ni 6.84. Kwa linaloyeyuka kwa kasi ya wastani, ni 0.0016: jibu ni 1.92. Bekereli ni zilezile, lakini dozi imepishana zaidi ya mara tatu! Sababu ni kwamba lisiloyeyuka hukaa mapafuni miaka mingi likiendelea kupiga. Dozi ya miaka 50 ijayo yote huandikwa kwenye mwaka ule ule aliolivuta.

Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na hapo bado hatujajumlisha radoni na mionzi ya nje.

Kwa hiyo mtu akikwambia "dozi iko chini ya kikomo", usiishie kuitikia. Muulize: hewa ilipimwa wapi, kwa saa ngapi, na vumbi mmelihesabu ni la aina gani? Mkojo wa wafanyakazi nao umepimwa? Kuzidisha tunakuweza tangu shule ya msingi. Kuuliza ndiko tunakopaswa kwenda kufundisha.