Baridi ya Sumbawanga: Tofali lenye hewa linavyotunza joto

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Sumbawanga si mchezo. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, na hewa yake inaua.

Ukuta unaweza kusaidia. Zege lenye hewa, lililobuniwa Uswidi miaka ya 1920, ni saruji, chokaa, mchanga na unga kidogo wa alumini. Alumini hutoa gesi, mchanganyiko unaumuka kama andazi. Vitundu hivyo ndivyo vinavyozuia joto kutoka. Tofali zake ni nyepesi pia.

Ila linanyonya maji, kwa hiyo piga plasta nje. Na weka dari: bati tupu litakupotezea joto jingi.