Mandazi, chai na damu ya wasichana wetu

Ukipita Kiogoro asubuhi, hapo karibu na mji wa Kisii, utawakuta wasichana wakingojea bodaboda, mandazi mkononi. Mama zao walipanda vilima hivi kwa miguu, wameshiba wimbi. Sisi wa Pwani tusiwacheke. Mahamri yetu ni yale yale.

Wengine huniambia waruka chakula cha mchana ili wapunguze mwili. Jioni njaa yawapeleka kwenye chipsi na soda. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asikipite siku nzima. Nayo haishibishi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni damu. Mwanamke hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na mjamzito huyahitaji zaidi. Hapa chinsaga, kwetu mgagani, na rinagu, yaani mnavu, zimejaa sokoni. Tatizo ni kwamba watu hushushia na chai. Chai iliyokolea majani huyashika madini ya mboga tumboni, yakapita bila kuingia mwilini. Kula kwanza, ungoje kama saa moja, ndipo unywe. Kamulia ndimu au kula chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia.

Na dada, ukiona kizunguzungu, unahema kwa kilima kidogo na ndani ya kope kumepauka, nenda zahanati ukapimwe damu kabla hujajipunguzia chakula tena.