Dawa za Moyo kwa Watoto Wenye Maradhi ya Marfan

Mkulima wa tangawizi wa Mamba, katika milima ya Upare wilayani Same, anafahamu kwamba ukuta dhaifu wa ndiva, yaani bwawa la kuhifadhia maji ya mfereji, hulegea kidogo kidogo kwa msukumo wa maji, kisha hubomoka ghafla. Ndivyo ulivyo mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, uitwao aota, kwa mtoto mwenye maradhi ya Marfan.

Maradhi haya yalielezwa mwaka 1896 na tabibu Mfaransa, Antoine Marfan. Mwaka 1991 wataalamu waligundua chanzo chake: kasoro katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 15, ambayo huongoza utengenezaji wa protini iitwayo fibrilini. Protini hiyo huzipa uimara tishu unganishi za mwili. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hii ana uwezekano wa nusu kuirithi. Lakini kiasi cha robo ya wagonjwa ni wa kwanza katika jamaa zao. Hukadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 5,000 ana maradhi haya.

Dawa haziondoi kasoro, hupunguza msukumo. Propranololi na atenololi hupunguza kasi na nguvu ya mapigo ya moyo. Losatani huizuia homoni inayokaza mishipa. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya jaribio la miaka 3 kwa watoto na vijana 608: losatani na atenololi hazikutofautiana katika kuzuia aota isipanuke. Dawa humezwa kila siku, na daktari huipima aota kwa mawimbi ya sauti. Ikipanuka mno, hufanywa upasuaji kabla haijapasuka. Mgonjwa wa pumu huenda asifae kupewa propranololi, na ni hatari kuiacha ghafla.

Hapa ndipo mwalimu anapohusika. Mwanafunzi mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu, mara nyingi huteuliwa kwanza kwa mpira wa kikapu. Warefu wengi ni wazima. Lakini akiwa pia na mgongo uliopinda, macho yasiyoona vema, au mzazi aliyefariki ghafla angali kijana, apimwe kabla ya kuingizwa uwanjani. Kutoka Mamba njia huteremka hadi Same, kisha Moshi iliko hospitali ya KCMC. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa aota, ukuta ukishapasuka, mara nyingi hakuna wasaa wa kuujenga tena.