Msimu Ukigeuka: Tutunze Mwili, Tusidharau Homa

Kila mwaka mvua za kwanza zinaponyesha hapa Mwanza, neno moja husikika majumbani, sokoni na hata kwenye foleni ya zahanati: "Ni mabadiliko ya hewa tu." Mzee akiumwa viungo, ni hewa. Mama akikosa hamu ya kula, ni hewa. Mtoto akichemka usiku kucha, ni hewa vile vile. Ndugu wasomaji, katika maneno hayo mna ukweli, na mna hatari pia. Mwezi huu tuyatazame yote mawili.

Tuanze na ukweli. Waganga wa kale wa India walilitafakari sana jambo hili. Elimu yao ya tiba huitwa Ayurveda, yaani elimu ya uhai. Inafundisha kwamba ndani ya mtu mna nguvu tatu, zinazofananishwa na upepo, moto na maji, na kwamba kila msimu huamsha mojawapo. Hospitali zetu hazipimi ugonjwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, mafundisho hayo yana busara inayotufaa. Mganga wao mmoja, Vagbhata, aliagiza kwamba siku 7 za mwisho wa msimu na siku 7 za mwanzo wa msimu unaofuata ziwe za kuacha mazoea ya zamani kidogo kidogo na kuanza mapya kidogo kidogo. Mwili haupendi kushtuliwa.

Elimu hiyo si ngeni sana kwetu. Wahindi wamefanya biashara mjini Mwanza kwa zaidi ya miaka 100. Tangawizi tunayotia katika chai ni dawa kubwa katika Ayurveda. Hata mwarobaini, ambao sisi tumeuita hivyo kwa kuamini kwamba unatibu magonjwa arobaini, asili yake ni huko huko Asia ya Kusini.

Je, tufanyeje hapa kando ya Ziwa?

Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku hupoa na upepo hukausha ngozi. Tule chakula cha moto chenye kushiba. Tujipake mafuta ya ufuta au ya nazi baada ya kuoga, hasa wazee.

Jua linapozidi, Septemba na Oktoba, tupunguze pilipili na vyakula vya kukaanga. Tunywe maji mara kwa mara, tule matunda yaliyooshwa vizuri, na kazi nzito ya shamba tuifanye asubuhi.

Mvua zinapoanza, Ayurveda husema tumbo hudhoofika. Hivyo hushauri maji yaliyochemshwa na chakula chepesi, kibichi kisikaribishwe. Hapa busara ya kale na sayansi zinakutana. Mvua husomba uchafu wa vyoo hadi visimani na ziwani, na maji hayo huleta kuhara na kipindupindu. Mwaka 2015 kipindupindu kilienea katika mikoa mingi ya nchi yetu, Mwanza ikiwemo. Basi tuchemshe maji, dagaa na ugali tuvile vikiwa vya moto, na kiporo tukipashe hadi kichemke. Chai ya tangawizi husaidia kutuliza kichefuchefu. Asali ni nzuri kwa kikohozi, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kamwe.

Sasa tuje kwenye hatari. Mvua huacha madimbwi, madimbwi huzaa mbu, na mbu huleta malaria. Homa ya malaria haiondolewi kwa tangawizi, wala kwa kujifukiza, wala kwa kungoja hewa itulie. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Akipata degedege, akilegea, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, tusisubiri hata kupambazuke. Anayeharisha aanzishiwe maji ya chumvichumvi za pakiti mara moja, huku safari ya kwenda kituo cha afya ikiandaliwa.

Tujihadhari pia na dawa zenyewe. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuua watoto wadogo walionyweshwa. Yasiingie kinywani mwa mtoto, na mama mjamzito asinywe dawa ya mti huo. Dawa za unga na vidonge vya Kiayurveda visivyojulikana vilikotoka tusivinunue. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walipima dawa 70 za namna hiyo zilizouzwa madukani Boston, wakakuta 14 zina madini ya risasi, zebaki au aseniki. Hayo ni sumu. Na ukienda hospitali, mwambie mganga kila dawa ya miti uliyokwisha kunywa. Usione haya.

Ndugu wasomaji, tuwe na mipaka iliyo wazi. Chakula cha moto, maji yaliyochemshwa, usingizi wa kutosha na mafuta ya kupaka ni kazi yetu nyumbani, na hakuna atakayetufanyia. Homa na kuhara ni kazi ya zahanati. Kabla mvua hazijaanza, tushone vyandarua vilivyochanika, tufukie madimbwi, na tuweke nauli kidogo kando. Usiku mtoto atakapochemka, tusiulizane tena kama ni hewa.