Shampeni ya sherehe: Usinunue karatasi ya dhahabu

JE, msomaji, umewahi kukabidhiwa pesa za kamati ya harusi na kuambiwa, "Wewe ndiwe unayejua mambo ya mjini, tununulie shampeni"? Ikiwa bado, siku yako yaja. Utajikuta umesimama mbele ya rafu ya supamaketi, chupa zimejipanga kama askari wa gwaride, zote shingo zimefungwa karatasi ya dhahabu, zote zina vizibo vinene vilivyokazwa kwa waya. Bei nazo zinaanzia pesa za kilo moja ya nyama na kupanda hadi kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Utachukua ipi?

Wengi wetu huchukua ile ya bei ya katikati na kumwachia Mungu mengine.

Kabla sijakueleza la kufanya, nikusimulie kwanza la kutofanya. Marehemu mjomba wangu alikuwa karani kwa miaka mingi katika eneo la viwandani, Nairobi. Mwaka wa 1988 mwajiri wake alimpa chupa ya shampeni, ya Ufaransa, ya kweli kabisa, iwe shukrani ya utumishi wake. Mjomba hakuifungua. Aliisimamisha juu ya kabati la sebuleni, kando ya televisheni, mahali ambapo jua la alasiri liliingia dirishani na kuipiga barabara. Akatangaza kuwa itafunguliwa siku mtoto wake wa kwanza atakapofuzu chuo kikuu. Sisi watoto tulikatazwa hata kuielekeza kidole. Kila Jumamosi mkazamjomba aliipangusa vumbi, akairudisha palepale.

Mwaka wa 2001 binti yake alifuzu. Jamaa walifurika nyumba hiyo hadi wengine wakakaa ngazini. Mjomba, ndani ya suti yake ya kijivu, akaikamata chupa, akafungua waya, nasi tukaziba masikio. Kizibo kilitoka kimya, kama cha chupa ya mafuta ya taa. Hapakuwa na mlio wala povu. Kilichomiminika kilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa na harufu ya kabichi iliyochemshwa jana. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akamwambia binti yake, "Mama, ilikusubiri hadi ikachoka." Akainywa gilasi yake yote, peke yake, wala hakukunja uso.

Hakuna aliyemdanganya mjomba. Chupa ilikuwa halali. Aliyemkosea ni jua la dirishani, joto la sebule na miaka 13.

UKIONA VYAELEA

Ili uelewe yaliyompata, yafaa ujue shampeni ni nini hasa. Si kila mvinyo unaotoa mapovu huitwa shampeni. Jina hilo ni la eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa jiji la Paris, penye miji ya Reims na Épernay. Mashamba yake ya mizabibu ni kama hekta 34,000 tu, na kanuni za huko zinataka zabibu zote zichumwe kwa mkono. Aghalabu hutumiwa aina tatu za zabibu: Chardonnay, ambayo ni nyeupe, pamoja na Pinot Noir na Meunier, ambazo maganda yake ni meusi lakini maji yake ni meupe. Ndiyo sababu zabibu nyeusi zaweza kutoa mvinyo mweupe, mradi zikamuliwe taratibu na maganda yaondolewe mapema.

Mvinyo ukishaiva mara ya kwanza, hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha chupa hufungwa. Humo ndani hamira huila ile sukari na kutoa gesi. Kwa kuwa gesi haina pa kutokea, hujificha ndani ya mvinyo wenyewe. Chupa hulazwa katika mapango marefu ya mawe ya chokaa, ambamo ni baridi na giza mwaka mzima. Mashamba, majumba na mapango hayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka wa 2015. Shampeni ya kawaida haiwezi kuuzwa kabla ya miezi 15 tangu kutiwa chupani, na ile inayoandikwa mwaka wa mavuno hungoja angalau miaka mitatu.

Lakini hamira iliyokufa huacha machicha, na nani atakubali kunywa machicha? Hapo ndipo alipoingia mjane mmoja, Barbe-Nicole Clicquot, aliyefiwa na mumewe mwaka wa 1805 akiwa na umri wa miaka 27 na kuamua kuendesha biashara yake ya mvinyo. Katika ghala lake ndimo ilimoanza njia ya kuzipanga chupa vichwa chini kwenye ubao wenye matundu na kuzizungusha kidogo kidogo, hadi machicha yakajikusanya shingoni na kutolewa. Neno "Veuve" unaloliona kwenye chupa zake maana yake ni mjane. Wengi hudhani shampeni ilivumbuliwa na mtawa Dom Pérignon, aliyekuwa mtunza ghala wa watawa wa Hautvillers hadi alipofariki mwaka wa 1715. La hasha. Mtawa huyo aliboresha mvinyo wa kwao kweli, lakini siku zile mapovu yalihesabiwa kuwa kasoro, kwani yalipasua chupa.

Sasa umeona bei inatoka wapi.

LEBO INASEMA NINI

Simama tena mbele ya ile rafu. Jambo la kwanza, tafuta neno "Champagne" kwenye lebo. Likikosekana, hiyo si shampeni, hata muuzaji aape kwa jina la mamake. Kuna chupa za Afrika Kusini zinazopendwa sana hapa kwetu, kama zile za J.C. Le Roux kutoka Stellenbosch, ambazo watu wengi huziita shampeni. Zina wapenzi wake na sherehe zimechangamka kwazo, lakini ukizinunua, zinunue kwa jina lake na kwa bei yake.

Pili, tazama neno linaloeleza utamu. Hapa wengi huteleza. "Brut" ni kavu, yaani haina utamu mwingi: sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita. "Extra Brut" ni kavu zaidi. Halafu kuna "Extra Dry", ambayo mwenye kujua Kiingereza ataapa kuwa ndiyo kavu kupindukia, kumbe ina sukari kuliko Brut, kati ya gramu 12 na 17. Anayefuata ni "Sec", kisha "Demi-Sec", ambayo hufika gramu 32 hadi 50. Watu hununua Brut kwa kuwa ndiyo inayosifiwa, kisha wageni wakainywa na keki ya harusi yenye sukari ya kufunika kidole kizima, wakakunja nyuso wakisema imechacha. Haikuchacha. Keki tamu huufanya mvinyo mkavu uonje kama ndimu. Ikiwa itanywewa na keki, chukua Demi-Sec. Ikiwa ni ya kufungulia karamu, pamoja na sambusa, samaki wa kukaanga, njugu au hata viazi karai, chukua Brut. Amini usiamini, chumvi na mafuta hupatana nayo ajabu.

Mwaka ukiandikwa kwenye lebo, maana yake zabibu zote ni za mavuno ya mwaka huo, na bei itapanda. Chupa nyingi hazina mwaka kwa sababu mvinyo wake umechanganywa wa misimu kadhaa ili ladha isibadilike. Hiyo si dosari. Kwa harusi au mahafali, isiyo na mwaka yatosha kabisa.

NDUGU ZAKE WA BEI NAFUU

Kusema kweli, familia nyingi za Nairobi, Mombasa au Kisumu hazihitaji shampeni. Zinahitaji mvinyo mzuri wa mapovu. Afrika Kusini hutengeneza mmoja kwa njia ileile ya kuivia chupani, na huuita "Cap Classique". Wa kwanza ulitolewa na shamba la Simonsig kwa mavuno ya mwaka wa 1971. Kwa nini hawakuuita shampeni? Mwaka wa 1935 nchi hiyo na Ufaransa zilikubaliana: Ufaransa ingenunua kamba wakubwa wa bahari ya huko kusini, na Waafrika Kusini wangeacha kutumia majina ya mvinyo wa Kifaransa. Jina likauzwa kwa kamba!

Hispania nayo ina "Cava", ambayo pia huivia chupani. "Prosecco" ya Italia kwa kawaida huivia ndani ya tangi kubwa la chuma, kwa hiyo ni nyepesi, ina harufu ya matunda na haigharimu sana. Mimi nikiwa na pesa za shampeni moja ya Ufaransa na wageni 15, nitanunua Cap Classique kadhaa bila kuona haya.

Kuhusu idadi, chupa ya kawaida ina sentilita 75, ambazo hujaza gilasi sita. Ikiwa ni ya kutakia maharusi heri tu, ambapo kila mtu huonja kidogo, chupa moja hutosha watu saba. Meza kuu yenye watu 20 ni chupa tatu. Usiikubalie kamati inayotaka chupa 30 kwa ajili ya picha, ilhali deni la mahema halijalipwa.

Nunua katika duka la pombe lenye leseni na udai risiti. Hakikisha kizibo kina stempu ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, na ikiwa una simu ya kisasa, programu ya mamlaka hiyo iitwayo Soma Label itakusaidia kuikagua. Shampeni ya Ufaransa ikiuzwa kwa Sh1,500 baada ya kuvuka bahari na kulipiwa ushuru, jiulize nani amelipia hasara. Angalia pia chupa imekaa wapi dukani. Ile iliyopambwa dirishani au chini ya taa kali, mwachie mwenye duka. Omba iliyo ndani ya boksi, nyuma.

KUIFUNGUA

Mara umeifikisha nyumbani, pengine kwa matatu iliyoruka kila tuta la barabara ya Jogoo. Usiifungue siku hiyo. Iache itulie mahali pa giza hadi kesho. Siku ya sherehe itie kwenye friji saa tatu au nne kabla, au izamishe nusu saa katika ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji, kwa kuwa barafu tupu haiishiki chupa vizuri. Usiisahau ndani ya friza, itapasuka.

Presha iliyo ndani ya chupa hiyo ni karibu mara tatu ya ile ya gurudumu la gari dogo. Kizibo kikikupata jichoni, sherehe itahamia hospitali. Kwa hivyo shika kizibo kwa kiganja tangu unapoanza kulegeza waya wala usikiachilie. Inamisha chupa kidogo, ielekeze mahali pasipo na mtu, kisha zungusha chupa yenyewe, si kizibo. Kitoke kwa pumzi, si kwa mzinga. Najua vijana hupenda kuitikisa na kumwagia watu kama washindi wa Safari Rally, lakini wale hawakununua.

Kumbuka mvinyo huu una kileo cha asilimia 12 hivi, zaidi ya mara mbili ya bia nyingi, ingawa unateleza kama soda. Sheria hairuhusu auziwe aliye chini ya miaka 18, na mwenye ufunguo wa gari asipewe gilasi ya pili. Nyumba nyingi zetu kileo hakiingii kabisa, kwa sababu ya dini au kwa hiari tu. Kuna juisi ya zabibu yenye gesi, iliyofungwa vivyo hivyo kwa kizibo na waya, na mlio wake ni uleule. Iweke mezani tangu mwanzo, kwa gilasi zilezile, ili shangazi asiyekunywa asikae akishika chupa ya soda wakati wengine wameinua gilasi.

Na usiweke akiba. Shampeni ya kawaida hutoka kwa mtengenezaji ikiwa imeshaiva. Ikitunzwa gizani na penye baridi yaweza kungoja miaka mitatu hivi, lakini juu ya kabati la sebule zetu hata mmoja ni mwingi.

Yule binti wa mjomba sasa ni mama wa watu wazima. Kifungua mimba wake alipofuzu diploma ya uuguzi mwaka wa 2024, alinunua Cap Classique Alhamisi, akaifungua Jumamosi. Ililia vizuri. Mkazamjomba, ambaye hajaonja kileo maishani mwake, aliomba apewe kizibo. Amekiweka juu ya kabati, pale palipokuwa pa chupa, na Jumamosi hukipangusa vumbi.